Barua kwa mwanangu: kabla hujaifungua dashibodi ya Land Rover

Mwanangu Idrisa,

Ujumbe wako nimeusoma. Mshale wa mafuta na wa joto kwenye Series III yako imepanda yote miwili mpaka mwisho, na fundi anataka ununue geji mbili mpya. Mwambie asubiri. Geji mbili kuharibika siku moja, tena kwa namna ileile, ni jambo la nadra sana. Tafuta kile zinachochangia.

Geji hizo hazilishwi volti 12 za betri moja kwa moja. Katikati kuna stabilaiza, kikopo kidogo cha bati nyuma ya paneli, kinachoshusha umeme hadi wastani wa volti 10 ili mishale isiyumbe kila alteneta inapoongeza chaji. Ndani yake mna ulimi wa metali mbili uliozungushiwa waya. Ukipata joto unapinda na kukata umeme, ukipoa unarudi na kuunga, hivyo hivyo muda wote. Lakini ule waya wa ndani hupashwa joto kupitia ethi ya kikopo chenyewe, yaani muunganisho wake wa umeme na bodi ya gari. Ethi ikipotea, kwa kutu au skrubu iliyolegea, ulimi haupindi, pointi hazifunguki, na geji zinamezeshwa volti zote za betri. Ndiyo hali yako, naamini. Stabilaiza ikikatika ndani, mishale yote miwili hulala chini. Mshale mmoja tu ukisema uongo, iache stabilaiza, fuata waya na senda ya geji hiyo, yaani kile kipimo cha kwenye tanki au injini kinachoipelekea habari.

Kupima senda hakuhitaji kufungua dashibodi. Ya mafuta iko juu ya tanki, na kwa Land Rover fupi ya inchi 88 tanki liko chini ya kiti cha mbele upande wa kulia. Chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi, washa switchi: mshale ushuke hadi tupu. Kisha gusisha waya huo kwenye bodi: upande taratibu kuelekea kujaa. Ukifika juu, toa mara moja, maana geji ikiachwa hivyo waya wake wa ndani unaweza kuungua. Na usifanye hivyo tanki likiwa wazi, cheche moja inatosha kukuunguza. Senda ya joto pale kwenye injini ina waya wa kijani wenye mstari wa buluu, jaribio ni hilohilo. Geji hizi ni nzito kwa asili, zipe nusu dakika. Ukiwa na mita, pima senda ya mafuta kwenda ethi: tanki tupu isome zaidi ya omu 200, likijaa ishuke chini ya 40. Ikiruka-ruka unaposogeza floti, yaani kiboya chake, waya wake wa ndani umelika.

Sasa paneli. Toa kwanza kichwa hasi cha betri. Usipuuze hili, kwa sababu nyaya za kahawia nyuma ya dashibodi zina umeme hata switchi ikiwa imezimwa, wala hazipitii fyuzi. Fungua skrubu za pembeni kwa bisibisi inayokaa sawasawa, kisha vuta paneli kidogo tu. Itakwama kwenye kebo ya spidomita, usilazimishe. Nenda upande wa injini, isukume kebo kuingia ndani ili ilegee, ndipo uingize mkono nyuma na kufungua nati yake kwa vidole. Piga picha kabla ya kuchomoa waya wowote. Kijani kitupu kinaleta umeme kwenye stabilaiza kwenye pini B, nao unatoka kwenye pini I kwa waya wa kijani hafifu. Mwekundu wenye mstari mweupe ni wa taa za paneli, mweusi ni ethi.

Kwangua kwa msasa mahali kikopo kinapogusa bati na kaza skrubu yake. Zaidi ya hapo, vuta waya mweusi wako mwenyewe kutoka kwenye paneli hadi kwenye bodi, kwani ethi ya zamani imepita kwenye rangi na kutu za miaka mingi. Mita ya dijiti itakuchanganya hapa: tarakimu zitaruka kati ya 0 na 12. Rudisha betri kwa muda wa kipimo hiki tu, washa switchi, na utumie taa ndogo ya kupimia kwenye pini I. Stabilaiza nzima huiwasha kwa sekunde chache, kisha taa huanza kupepesa. Ikiwaka bila kupepesa na ethi ni safi, nunua nyingine. Za elektroniki ni nzuri, ila hakikisha ni ya ethi hasi. Series III zote ni ethi hasi, lakini ndugu zake za kabla ya 1967 zilikuwa ethi chanya, na dukani stabilaiza za aina zote mbili huwekwa sanduku moja.

Maadam umeshafungua, badilisha balbu zote kwa za volti 12 za aina ileile iliyokuwemo. Watakushauri uweke za LED. Kwenye taa za paneli sawa, lakini taa ya onyo ya chaji iache na balbu ya kawaida ya waya. Umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta, na LED mara nyingi haipitishi wa kutosha. Utaendesha siku nzima huku betri ikiisha.

Kebo ya spidomita chomoa nyuzi yake ya ndani, ifute, na ipake grisi kidogo kwenye theluthi mbili za chini tu. Grisi ya juu hupanda na kuingia kwenye spidomita, ikagandisha kile kikombe chepesi cha alumini kinachozungushwa na sumaku, na mshale ukaanza kutetemeka au kukwama. Uso wa geji usiusugue kwa spiriti, maandishi yatatoka. Brashi laini inatosha.

Kabla ya kurudisha skrubu, rudisha betri, washa switchi na subiri mishale itulie, kisha washa taa kubwa na indiketa zote mbili. Kama kuna pini iliyosahaulika, itajionyesha paneli ikiwa bado mkononi.

Baba yako