Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Baraza la Vyombo vya Habari Kenya: gazeti likiwa na mgombea wake litaje jina

Bwana Mkurugenzi,

Salamu kwako na kwa wote mnaofanya kazi ofisini mwako. Nakuandikia mapema kwa sababu uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027 na hapa kwetu kampeni haina likizo, na hili jambo likiachwa hadi wiki za mwisho kila mtu atasema unampendelea fulani.

Ombi langu ni moja. Ule mwongozo mnaotoaga wa kuripoti uchaguzi, safari hii useme wazi kwamba gazeti la binafsi linaweza kumuunga mkono mgombea wa urais, kwa jina, kwenye ukurasa wa tahariri, na likishafanya hivyo lisimfanyie kampeni kwenye kurasa za habari hata kwa mstari mmoja.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa. Ati Kenya si nchi ya kucheza na mambo hayo, gazeti likimtaja mtu wake kabila lingine litaona limetukanwa. Wanaosema hivyo siwadharau hata kidogo, wanakumbuka vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 na zile redio za lugha za mama, na kuna mtangazaji, Joshua arap Sang, aliyefikishwa hadi ICC, ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague, ingawa kesi yake ilisitishwa 2016. Lakini tuangalie vizuri, kilichoogopewa pale ni uchochezi, mtu kuambiwa jirani yake ni adui. Tahariri inayosema sisi wahariri tumesoma manifesto zote, tumeangalia rekodi za hawa watu, tunaona huyu anafaa na sababu zetu ni hizi, hiyo ni kitu tofauti kabisa na unaweza kukaa chini ukaipinga hoja kwa hoja.

Tena ukitaka kujua ni nini hasa kinachobadilisha mawazo ya watu nenda asubuhi pale kwa muuza magazeti yeyote mjini Nairobi. Watu wamesimama wamezunguka, wanasoma vichwa vya habari bure, wanabishana dakika kumi halafu wanaenda kazini na wengi wao hawajanunua hata gazeti moja. Tahariri iko huko ndani, hawaifikii. Wanachobeba kichwani siku nzima ni ukurasa wa kwanza, ile picha ya mgombea mmoja akiwa na umati mpaka barabara haionekani na yule mwingine amepigwa peke yake amekunja uso, na maneno makubwa mekundu juu yake. Hapo ndipo magazeti yetu yanachagua rais, Bwana Mkurugenzi, na hakuna aliyeweka jina lake chini ya uamuzi huo, ukiuliza unaambiwa sisi hatuna upande. Hiyo ndiyo inaniuma.

Kumbuka uchaguzi wa 2022, Ruto na Raila wakigombea urais. Kambi ya Ruto ililalamika miezi mingi kwamba vyombo vikubwa vinambeba Raila. Mdahalo wa urais wa tarehe 26 Julai Raila hakutokea, Ruto akasimama peke yake kwenye jukwaa. Halafu baada ya kura kila stesheni ya TV ikawa inajumlisha zile fomu 34A, fomu za matokeo ya urais ya kila kituo cha kura, kwa njia yake, namba hazifanani, unabadilisha chaneli unapata mtu mwingine anaongoza, kisha hesabu zikaanza kusimama moja baada ya nyingine na wananchi tukabaki tunakisia. Matokeo yalipotangazwa Ruto alikuwa na asilimia 50.49 na Raila 48.85. Kwa tofauti ndogo hivyo kila shaka inakuwa kubwa, na shaka ilipata pa kukaa kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuambia mapema anasimama wapi. Mzee S.K. Macharia, mwenye Royal Media inayomiliki Citizen TV, alimuunga mkono Raila waziwazi mwaka huo na mimi nilimheshimu kwa hilo, ni haki yake kama mwananchi, angalau ulijua, ukitazama Citizen unatazama ukiwa na habari kamili kuhusu mwenyewe anataka nini.

Sasa kuna kitu tujifunze kutoka Marekani. Washington Post lilikuwa likitaja mgombea wake wa urais tangu 1976, isipokuwa 1988. Tarehe 25 Oktoba 2024, siku kumi na moja kabla ya kura, mchapishaji wake William Lewis akatangaza kwamba hawatamuunga mkono mtu yeyote, na kumbe wahariri walikuwa wameshaandaa tahariri ya kumuunga mkono Kamala Harris, uamuzi wa kuizuia ulitoka kwa Jeff Bezos mwenye gazeti. Wasomaji zaidi ya laki mbili wakafuta usajili wao ndani ya siku chache tu. Bezos akajitetea kwamba tahariri za aina hiyo hazibadilishi kura na zinafanya watu waone gazeti lina upendeleo. Labda kwa hilo la kura yuko sawa. Lakini mtu hawezi kugundua kanuni mpya siku kumi na moja kabla ya uchaguzi, huku kampuni zake zingine zina biashara kubwa na serikali, halafu ategemee tuamini ni kanuni. Los Angeles Times nalo lilifanyiwa hivyohivyo na mwenye mali, na mhariri wa tahariri Mariel Garza akajiuzulu.

Kwa hiyo swali zito ni nani anaamua, na hapa kwetu ni zito zaidi. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na TV yaende KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali. Walioguswa na agizo hilo walikuwa watangazaji, lakini hakuna mhariri wa gazeti ambaye hakuelewa ujumbe. Gazeti linalotegemea pesa ya matangazo ya serikali likimuunga mkono rais aliye madarakani, mimi msomaji nina haki ya kujua hiyo hesabu.

Ndiyo maana naomba mwongozo ulazimishe mambo haya yaandikwe palepale kwenye tahariri: bodi ya wahariri iliyoamua ni kina nani, mwenye gazeti ana hisa wapi na amechangia kampeni ya nani, na kama alipinga au alishinikiza isemwe. Wagombea wengine wapewe nafasi ya kujibu, ukurasa uleule, siku inayofuata. Tahariri yenyewe itoke angalau mwezi mzima kabla ya kura sio usiku wa kuamkia. Na gazeti lisilotaka kumtaja mtu lisilazimishwe, lakini liseme hivyo kabla ya kampeni rasmi kuanza na libaki hapohapo. KBC haihusiki kabisa, hao Katiba ibara ya 34 imeshawaambia wasiegemee upande.

Kanuni za maadili chini ya Sheria yenu ya 2013 tayari zinataka habari iwe ya haki, sahihi na bila upendeleo, kwa hiyo siombi sheria mpya bungeni, naomba tu muitumie iliyopo, na msomaji akileta malalamiko kwamba gazeti limeleta tahariri yake kwenye ukurasa wa kwanza kamisheni yenu ya malalamiko imsikilize kabla ya siku ya kura. Baada ya hapo haitamsaidia mtu.

Na mkiita kikao cha kujadili rasimu msiite wenye vyombo na wahariri peke yao kwenye hoteli. Fanyeni kimoja hata pale Jeevanjee Gardens, ile bustani ya umma katikati ya Nairobi, wasomaji watakuja na watakuwa na mengi ya kusema.

Wako,
Msomaji wa magazeti, Nairobi