Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Yanayomkuta mgonjwa baada ya kukata simu

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kuhusu tiba mtandao, yaani kushauriana na daktari kwa simu au intaneti, huduma ambayo wizara yako inaitangaza kwa bidii lakini ambayo wagonjwa wengi huijaribu mara moja kisha wakarudi kwenye foleni. Sababu inayotajwa upesi ni kwamba wananchi hawaijui teknolojia. Sikubaliani nayo, kwa kuwa watu haohao wanalipa bili na kutumiana pesa kwa simu bila kufundishwa na mtu.

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba mtu huipokea teknolojia anapoiona ina manufaa na si ngumu kutumia. Mwaka 2003 mtafiti mwingine, Venkatesh, na wenzake, Davis akiwemo, wakaongeza ushawishi wa watu wa karibu na mazingira yanayowezesha matumizi. Wapangaji wetu wamekazania urahisi wa programu, na hayo mazingira yameachwa yatima.

Mfikirie mgonjwa wa shinikizo la damu. Daktari anamuuliza kipimo cha leo, naye hana mashine nyumbani. Anaandikiwa dawa, lakini mfamasia anaitazama ile simu na kudai karatasi yenye mhuri. Bima nayo inakataa kulipa kwa madai kwamba hakufika kituoni. Akitakiwa kupimwa damu, anaanza upya mapokezi, kwa sababu maelezo aliyompa daktari hayaonekani kwenye faili la hospitali. Mtu huyu hahitaji semina. Amekwisha kupiga hesabu zake, na majirani watakaomuuliza atawaambia waende kliniki moja kwa moja.

Suala la siri nalo hutazamwa upande mmoja tu. Tunahakikishiwa kwamba taarifa zetu zinalindwa dhidi ya wadukuzi, jambo jema, ila anayeogopwa mara nyingi yumo chumbani. Mwanamke anayeulizwa habari za uzazi huku mama mkwe ameketi kando yake atajibu "ndiyo" na "hapana" tu, na daktari atadhani ameelezwa yote. Angesaidika zaidi kama angeulizwa kwanza iwapo yuko mahali pa kuzungumza, na akaruhusiwa kuandika badala ya kusema.

UVIKO-19 ulipozuia watu kwenda kliniki mwaka 2020, matumizi ya huduma hii yalipanda ghafla katika nchi nyingi. Hali ilipotulia, Marekani kwa mfano, yalishuka, ila katika afya ya akili yalibaki juu, na sishangai: huko mazungumzo yenyewe ndiyo sehemu kubwa ya tiba, wala mgonjwa hatumwi kwingine kutafuta nusu iliyobaki. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kushauri mwaka 2019 kwamba tiba mtandao ikamilishe huduma ya ana kwa ana, isichukue nafasi yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla ya kampeni nyingine ya matangazo, naomba utoe mwongozo unaoyabana maduka ya dawa kupokea cheti cha dawa cha kielektroniki kinachoweza kuhakikiwa, unaozitaka bima kulipia ushauri wa mtandaoni, na unaoagiza kumbukumbu za ushauri huo ziingie katika faili la mgonjwa. Mwongozo huo utamke pia ni nani atakayewajibika pale daktari wa mtandaoni anapokosea, kwa maana swali hilo wagonjwa wanaliuliza na hakuna anayewajibu.

Wako mwaminifu,
Mtumiaji wa huduma za afya