Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: bibi yangu hakugoma, alikataa kujiapiza

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika hapa kwa sababu barua za bahasha sijui huwa zinaishia wapi. Shida yangu ni neno moja tu, kuapa, ila hilo neno limetupotezea siku nzima mahakamani. Mahakama yenyewe siitaji na karani naye simtaji, maana sidhani kama alikuwa na ubaya.

Iko hivi. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Muheza, Tanga, Mkristo wa kubatizwa utotoni, aliitwa kutoa ushahidi kwenye kesi ya mpaka wa shamba. Ule mpaka anaujua kuliko mtu yeyote, minazi mingine pale kapanda yeye mwenyewe. Akapanda kizimbani, karani akamshikisha Biblia akamwambia "bibi, apa". Bibi akaishusha ile Biblia taratibu, akasema, "Mwanangu, kweli nitasema, ila kujiapiza sijiapizi." Watu wakacheka. Akaambiwa tena, na tena, mwisho ikaonekana kagoma kutoa ushahidi, kesi ikaahirishwa, tukarudi nyumbani na njaa zetu.

Sasa Mheshimiwa, sisi wa mjini kuapa tunakuona kwenye TV, mtu anaapishwa Ikulu, kashika kitabu chake, anamalizia na "Ewe Mwenyezi Mungu nisaidie", makofi, picha. Na mitaani ndo usiseme, tunaapa kutwa bure, haki ya Mungu, wallahi, Mungu mmoja, haki ya nani, yaani mtu anakuapia yupo kwenye foleni na hata kitandani hajatoka. Mimi mwenyewe nimeshasaini hati ya kiapo mara mbili kisa majina kwenye cheti hayalingani, nikalipa, muhuri ukagongwa, wala sikuwaza kwamba hapo nimeapa.

Ila sikiliza tunavyosema, KULA kiapo. Yaani kinaingia tumboni. Zamani huku pwani kiapo hakikuwa maneno matupu, lilikuwa jambo unafanyiwa ili ajulikane nani mkweli, kulikuwa na kiapo cha shoka, shoka linachomwa mpaka linakuwa jekundu halafu mtuhumiwa analigusa, akiungua basi yake yameisha. Na kuapa na kuapiza ni ndugu tumbo moja. Ukimwapiza mtu unamtakia balaa, ukijiapiza unalivuta balaa kwako mwenyewe kama unadanganya, nisiione kesho, nikatike ulimi, nife hapahapa. Kwa bibi yangu hakuna kuapa ambako si kujiapiza, ni kitu kimoja. Huyu ni mtu wa enzi ambazo kuku akiibiwa mtaani inatangazwa tu kwamba keshokutwa inasomwa halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi, asubuhi unamkuta kuku mlangoni kafungwa miguu, na wasomaji ni Waislamu ila wezi Wakristo nao walikuwa wanarudisha. (Laana ya mzazi siigusi, hiyo haihitaji hata kutamkwa, mama akikunyima radhi kimyakimya inatosha.) Kwa hiyo alipoambiwa "apa" mbele ya umati, asubuhi, hajala, yeye alisikia anaambiwa ajiwekee kifo rehani kwa ajili ya minazi ya watu.

Halafu kilichonichekesha baadaye, ile Biblia aliyoshikishwa ndiyo hiyohiyo yenye Mathayo sura ya 5, Yesu anakataza kuapa kabisa, anataka ndiyo yako iwe ndiyo na siyo yako iwe siyo. Bibi hakuyatoa kichwani kwake.

Na sheria wala haimkatai. Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria, Sura ya 34, inasema mtu ambaye imani yake inamzuia kuapa aruhusiwe kuthibitisha badala yake, yaani kutamka tu kwamba atasema kweli, na uthibitisho wake una nguvu ileile ya kiapo. Watoto nao, tangu Sheria ya Ushahidi irekebishwe 2016, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli. Mtoto wa miaka kumi anaahidi maisha yanaendelea, bibi wa miaka themanini na kitu anaonekana mkaidi.

2021 sheria ikabadilishwa Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama, tukashangilia sana, mimi nikiwemo. Lakini Kiswahili kikiingia mahakamani kinaingia na mizigo yake, na mtu wa Muheza anakuja na Kiswahili cha kwao.

Ninachoomba ni kidogo, Mheshimiwa. Makarani waelekezwe wamuulize shahidi kabla ya kumpa kitabu, kwa maneno ya kawaida: bibi, imani yako inakuruhusu kuapa, au utathibitisha tu kwamba utasema kweli? Na hilo "kuthibitisha" walifafanue, maana wengi wetu ukituambia tuthibitishe tunaanza kutafuta risiti mfukoni. Hata tangazo la karatasi ukutani litasaidia, ila liwe na herufi kubwa.

Kesi inatajwa tena mwezi ujao. Bibi kashasema atakwenda, kitenge kashakipiga pasi, ila amenitaka nikae karibu na karani.

Ni mimi, mjukuu wake.