Mwanangu Zuhura, kabla hawajakuchoma sindano ya kontrasti

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na kuurudia, nikaona nikuandikie badala ya kupiga simu. Haya ni mambo utakayotaka kuyasoma tena ukiwa umetulia, na umsomee baba Nasra pia, maana ndiye atakayekusindikiza.

Umesema ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye ini, daktari ameagiza CT scan yenye dawa ya kontrasti, na sasa huo uvimbe wenyewe haukutishi kama inavyokutisha sindano. Sikulaumu. Mimi nimekuwa muuguzi wa idara ya eksirei mpaka nastaafu, na wagonjwa wengi nilowapokea walikuwa hivyo hivyo. Mashine wanaizoea, lakini ile dawa inayosukumwa mshipani hawaijui, na kila mmoja amesikia habari za mtu aliyezidiwa baada ya kuchomwa. Hata mimi hofu ninayo, nisikufiche. Ila hofu yangu na yako hazijakaa mahali pamoja, na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Ujumbe wako karibu wote ulikuwa habari za mjomba wako na kaa. Ni kweli, yule akionja kaa au kamba midomo inavimba, na wewe mwenyewe ukila kamba unawashwa kooni. Mwenzako kazini akakwambia mwenye mzio wa kamba asikubali kontrasti kwa kuwa vyote vina iodini. Halafu mwishoni kabisa, kwa sauti ya kupitia tu, ukasema kwamba ile mara ulipopigwa CT ya tumbo baada ya ajali ya bodaboda ulitoka mabaka shingoni na mikononi, yakawasha sana, ukapewa piritoni yakaisha. Mwanangu, umeyapanga kinyume. La kamba ni dogo. La mabaka ndilo kubwa, na ndilo linalotakiwa kutangulia mdomoni mwako utakapofika pale.

Nianze na kamba ili tumalizane nao. Kinachomvimbisha mjomba wako ni protini iliyo ndani ya nyama ya kamba na kaa, wataalamu wanaiita tropomiosini. Iodini haihusiki. Iodini ni yale madini joto yanayotiwa kwenye chumvi watu wasipate goita. Unayala kila siku, Nasra anayapata kwenye maziwa yako, na bila hayo ubongo wa mtoto haukui inavyopaswa. Kama mwili wako ungeyakataa, usingemaliza hata wiki ya kula mchuzi. Wala dhana hii haikuzuka vijiweni, ilianzia kwa madaktari wenyewe. Miaka ya 1970 walipochunguza wagonjwa waliodhurika na kontrasti, waliona wenye mzio wa vyakula vya baharini wamo kwa wingi kuliko kawaida, wakaunganisha na iodini. Lakini kwenye takwimu hizo hizo wenye mzio wa mayai au maziwa nao walikuwa karibu sawa. Maana yake ni kwamba mwili wenye mzio wa jambo lolote, au wenye pumu, una uwezekano zaidi kidogo wa kuikataa dawa hii. Ukiulizwa kuhusu kamba jibu ukweli, ila usikubali kipimo kifutwe kwa ajili yao.

Sasa mabaka. Aliyewahi kudhurika na kontrasti ya kundi lile lile ndiye mwenye hatari kuliko wote, kama mara tano ya mtu mwingine. Hilo halimaanishi kwamba safari hii utazidiwa. Waliopata mabaka tu mara ya kwanza, wengi wao hata yakirudia hurudi kwa kiasi kile kile. Linamaanisha kwamba wanaokuchoma wana haki ya kujua kabla, na wakijua wanayo mengi ya kufanya.

La kwanza ni kujua jina la dawa waliyotumia wakati ule. Kontrasti za CT ni nyingi: kuna iohexol, iopamidol, iodixanol na nyingine. Mara nyingi jina huandikwa kwenye ripoti au kwenye faili. Mtume baba Nasra hospitali ile akaombe nakala, na aende mapema, si asubuhi ya kipimo. Jina likipatikana, wanaweza kukuchagulia nyingine tofauti, na siku hizi kubadilisha dawa ndiyo njia inayotiliwa mkazo kuliko zote. Hili naliona lina thamani kuliko vidonge vyote.

Vidonge navyo utavisikia. Ni prednisolone, au dawa ya jamii yake, pamoja na dawa ya mzio. Kwa utaratibu uliozoeleka dozi ya kwanza humezwa saa 13 kabla ya sindano, ya pili saa 7 kabla, ya mwisho ikibaki saa 1. Kumeza kidonge kimoja pale mlangoni hakusaidii kitu, kwa sababu dawa hizo huchukua saa nyingi kufanya kazi. Wataalamu wenyewe hawasemi kwa sauti moja: Wamarekani wanazitumia, ilhali mwongozo wa madaktari wa radiolojia wa Ulaya hauzipendekezi tena kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo mwachie daktari aamue. Tafadhali usiende duka la dawa kujinunulia kwa sababu mama kazitaja kwenye barua.

Na hata ukimeza zote, mzio unaweza kutokea. Ndiyo maana kuna swali ninalotaka uulize bila aibu kabla hujapanda kitandani: "Adrenalini ipo humu chumbani?" Hiyo ndiyo dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na mzio. Mtaalamu mzuri hatakasirika, atakuonyesha ilipo. Nilishamwona mtu mzima, baba wa makamo, akianza kupiga chafya mfululizo mara tu dawa ilipoingia, kisha sauti ikakwaruza, macho yakavimba na presha ikashuka. Daktari alimchoma adrenalini kwenye msuli wa paja, tukamwinua miguu, tukampa oksijeni na dripu, na muda si mrefu alikuwa anaulizia viatu vyake. Lililomwokoa ni kwamba dawa ilikuwa mezani na hakuna aliyehangaika kutafuta ufunguo wa kabati.

Nikueleze pia tulikotoka, upate kujua kwa nini sitetemeki kama ningetetemeka zamani. Kontrasti nilizozikuta nilipoanza kazi zilikuwa na chumvi nyingi mno kuliko damu, na wagonjwa walitapika na kulalamika mishipa inawaka moto. Aliyebadilisha mambo ni daktari wa Sweden, Torsten Almén. Inasimuliwa kwamba alikumbuka alivyokuwa akiogelea: kwenye bahari yenye chumvi kali macho yalimuuma, kwenye maji ya chumvi kidogo hayakumuuma. Akajiuliza kwa nini dawa inayoingia kwenye mishipa ya mtu isitengenezwe ikaribiane na damu yenyewe. Wazo hilo alilichapisha mwaka 1969, kampuni moja ya Norway ikalifanyia kazi, na kufikia miaka ya 1980 dawa mpya zilikuwa zimeenea. Wewe uliyekulia Tanga, ukafumbua macho ndani ya maji ya Raskazone tangu mdogo, wazo lile utalielewa mara moja.

Tofauti iliyopatikana ilipimwa. Mwaka 1990 Katayama na wenzake huko Japani walichapisha takwimu za wagonjwa zaidi ya 337,000. Kwa dawa za zamani, waliopata madhara ya aina yoyote walikuwa asilimia 12.66, kwa dawa mpya asilimia 3.13. Madhara makali yalishuka kutoka asilimia 0.22 hadi 0.04, yaani watu wanne katika kila 10,000. Wanne si sifuri, na mimi ni mama wa mmoja, siwezi kukwambia wanne ni wachache kana kwamba hawana mama zao. Nakwambia tu hatari yenyewe ina ukubwa gani, kwa sababu kwenye ujumbe wako imekuwa kubwa kuliko ilivyo.

Pia uliuliza kwa nini wasikupige CT bila dawa, yaishe. Kwa ini, mwanangu, picha bila dawa hutoa rangi ya kijivu karibu kote, na uvimbe wa heri hautofautishwi vizuri na wa shari. Dawa ikiingia wanapiga picha kwa awamu, wakiangalia damu inavyofika. Kuna uvimbe wa mishipa ya damu, hemanjioma, ambao wanawake wengi wanao bila kujua na hauna madhara. Huo hujaa dawa kuanzia pembeni kidogo kidogo kuelekea katikati, na daktari akiuona hivyo moyo hutulia. Aina nyingine hunywa dawa haraka na kuiachia haraka. Jibu tunalolitafuta limo kwenye huo mwendo wa dawa. Kama wakiona kwako hatari ni kubwa mno, kuna MRI, ambayo kontrasti yake ni ya gadolini, kundi jingine kabisa. Liulize hilo nalo, si dhambi kuuliza.

Siku yenyewe watakuwekea kanula mkononi, yaani kile kijimrija kinachoingia mshipani, na pampu itasukuma dawa kwa kasi. Utahisi joto likipanda kooni na kushuka mpaka kiunoni, mdomoni ladha ya chuma, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Hiyo si mzio, humpata karibu kila mtu na hupita baada ya muda mfupi. Usiruke. Kinachotakiwa kukufanya upaze sauti papo hapo ni kuwashwa, mabaka, chafya zisizokoma, koo kubana, kifua kubana au kizunguzungu. Pia maumivu makali na uvimbe pale kwenye kanula, maana dawa inaweza kuwa imetoka nje ya mshipa. Chumba kina kipaza sauti, watakusikia hata wakiwa nyuma ya kioo. Usione haya ukanyamaza kwa kutotaka kuwasumbua. Nakujua.

Ukishamaliza, usiondoke. Kaa nusu saa na kanula ikiwa bado mkononi, hata kama foleni ni ndefu na baba Nasra anatazama saa. Mizio mikali mingi hujitokeza ndani ya dakika 20 za mwanzo. Mabaka ya kuchelewa yanaweza kuja hata baada ya siku kadhaa, mpaka wiki, na hayo kwa kawaida hutibika kwa urahisi. Ukiyaona yapige picha, urudi ukawaonyeshe. Na lolote litakalotokea, waandike jina la dawa kwenye kadi yako, nawe uliandike nyuma ya kitabu chako cha kliniki.

Figo watakupima kabla kwa kipimo cha damu kiitwacho kreatinini, hilo waachie.

Kuhusu Nasra, usimwachishe ziwa wala usikamue maziwa ukayamwaga. Kiasi cha dawa kinachoingia kwenye maziwa hakifiki asilimia 1, na katika hicho tumbo la mtoto hufyonza chini ya asilimia 1 tena. Mnyonyeshe kabla hujaingia, mnyonyeshe ukitoka. Akisema mtu usinyonyeshe siku mbili, mwambie mama yangu anaomba tumuulize daktari wa radiolojia kwanza.

Mimi natoka Tanga Jumatano kwa basi la asubuhi, nitashukia stendi ya Magufuli. Nitakaa na mtoto nje wakati uko ndani, baba Nasra asimame mlangoni kwako. Ripoti ya zamani ikipatikana nipigie picha unitumie kabla sijasafiri, nataka nilione hilo jina la dawa. Na siku ya kipimo ikisogezwa, niambie mapema nibadilishe tiketi.

Mama yako akupendaye