Risala ya Wanafunzi wa Ushonaji kwa Mgeni Rasmi: Hesabu Katika Mfarishi wa Viraka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Sisi wanafunzi wa ushonaji hapa Jinja tunakukaribisha kwa heshima na furaha, na tunaomba kukueleza kazi uliyoiona mezani, yaani mifarishi ya viraka tunayoshona kwa vitenge na kwa mabaki tunayopewa na mafundi cherehani wa mjini.

Mheshimiwa, mfarishi mmoja una miraba 120, yaani 10 kwa upana na 12 kwa urefu, na kila mraba ukishashonwa unatakiwa uwe wa inchi 6. Kwa kuwa mshono hula robo inchi kila upande, tunakata inchi 6½. Mshonaji akizidisha mshono kwa sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi, kiasi ambacho jicho hukipuuza, safu nzima ya miraba 10, yenye mishono 9, hupungua inchi 1⅛, na pembe zake hazikutani tena na za safu inayofuata. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, kila mmoja wetu huunganisha vipande vitatu vya upana wa inchi 1½, huvipiga pasi, kisha hupima cha katikati, ambacho lazima kisome inchi 1 kamili.

Hesabu hutuokolea pia kitambaa. Kitenge chenye upana unaofaa wa inchi 44 hutoa miraba 6 tu ya inchi 6½, na inchi 5 zinabaki bila kazi. Tukikata inchi 6¼ tunapata miraba 7, na badala ya inchi 130 za urefu tunahitaji inchi 112½. Mfarishi hupungua kidogo, lakini kwa maoni yetu upungufu huo unavumilika kuliko kutupa kitambaa kizuri.

Kilichotusumbua zaidi ni pembetatu. Mraba wa pembetatu mbili huanza na mraba uliokatwa kwa mshazari, na wengi wetu tulidhani nusu inchi ya nyongeza inatosha, mpaka mwalimu wa hisabati alipotuonyesha kwa kanuni ya Pythagoras kwamba mshono wa mshazari hudai zaidi: robo inchi mara 3.414, ambayo ni takriban inchi 0.85. Mafundi hukata ⅞, na sasa tunajua sababu yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, rula ndefu tuliyonayo ni moja, nasi tunaipokezana, huku wengine wakipima kwa futikamba za kitambaa ambazo zimekwisha kuvutika. Tunaomba utusaidie kupata rula za chuma na meza pana ya kukatia, na pia uunge mkono ombi letu kwamba kipindi kimoja cha hisabati kila wiki kifanyike katika chumba cha ushonaji.

Tunakushukuru kwa kuja na kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanafunzi wa ushonaji.