Kugawana vyumba si kugawana nyumba

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu nyumba za urithi. Hapa mtaani kwetu Magomeni hazihesabiki, na karibu kila moja ina ugomvi wake.

Marehemu baba alituachia nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Warithi tuko wanane, mama na sisi watoto saba, wanaume watatu na wanawake wanne. Arobaini ilipopita, wazee walikaa barazani wakatugawia vyumba. Kaka zetu kila mmoja chake, mama chake, sisi dada wawili wawili. Tukala pilau, tukaona yamekwisha. Baadaye hati ikahamishiwa kwa majina yetu wote wanane, kila mmoja na hisa yake, lakini hakuna aliyejali hati inasema nini. Tuliishi kwa mgawo wa barazani.

Ugomvi ulianzia kwenye mita ya umeme. Mita ni moja, na kaka mkubwa alikuwa ametoboa ukuta wa chumba cha mbele akafanya fremu ya duka yenye mafriji mawili ya soda. Tokeni ananunua nani? Kisha choo kikajaa. Gari la kunyonya lilipoitwa, kila mtu akasema chumba chake hakina mpangaji. Siku moja mdogo wetu wa kiume akaja asubuhi na fundi na ngazi, akang'oa bati za juu ya chumba "chake" akaziuze. Paa ni moja, Mhariri. Masika yalipoanza, maji yaliingia kwa mama.

Nimejifunza kwa uchungu kwamba wazee walitugawia matumizi, hawakutugawia mali. Mwenye hisa kwenye nyumba isiyogawanywa ana haki katika kila tofali, hana tofali hata moja analoweza kuliita lake peke yake. Kaka hakuwa na haki ya kula kodi ya fremu peke yake, wala yule mdogo hakuwa na bati lake.

Sheria ya Ardhi ya 1999 imelitazama jambo hili. Inatofautisha umiliki wa pamoja usio na mafungu, ambao mmoja akifa sehemu yake inabaki kwa walio hai, na umiliki wa hisa, ambao hisa ya marehemu inakwenda kwa warithi wake. Sisi ni wa aina ya pili. Mmiliki wa hisa hawezi kumuuzia mtu wa nje bila ridhaa ya wenzake, ila nao hawaruhusiwi kumnyima ridhaa hiyo bila sababu ya maana. Kubwa kuliko yote, mmiliki mmoja tu anaweza kupeleka maombi kwa Msajili wa Hati ili mali igawanywe. Si lazima wote wasaini. Wengi hawajui hili, ndiyo maana ndugu mmoja aliyeko mbali, au mwenye kinyongo, anawashika wenzake miaka kumi kwa kukataa tu kutia saini.

Shamba la ekari nane unaweza kulikata, kila mtu akapata kipande chake na hati yake. Nyumba yetu unaikataje? Ukifuata mafungu ya mirathi ya Kiislamu tuliyoyakubali, mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, kinachobaki kila mwanamume anapata mara mbili ya mwanamke. Thumni ya vyumba sita ni robo tatu ya chumba. Fungu langu mimi ni nusu chumba na kipande. Sheria inasema mali ikiwa haigawanyiki, au ikigawanywa inaharibika matumizi yake, mwenye hisa anaweza kudai iuzwe na fedha ndiyo zigawanywe.

Hapo ndipo nilipoitwa msaliti. "Anataka kuuza nyumba ya baba!" Basi nikawawekea hesabu mezani. Tuseme mthamini aliyesajiliwa anasema nyumba ina thamani ya shilingi milioni 240. Mama anapata milioni 30. Zinazobaki, milioni 210, ni mafungu kumi: kila kaka milioni 42, kila dada milioni 21. Tena si lazima aje mgeni. Kaka mwenye fremu akitaka nyumba ibaki kwenye ukoo, atununue hisa zetu kwa bei hiyo ya mthamini. Anayesema nyumba haiuzwi, huku kodi anakula yeye, kwa kweli ameshainunua bila kulipa.

Tulianza kwa wazee, ikashindikana. Baraza la kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, lilituita mara mbili na kaka hakutokea. Sasa maombi yangu yako kwa Msajili. Mama ameniunga mkono, na dada zangu wawili.

Ombi langu ni kwa mahakimu wa mahakama za mwanzo. Msimamizi wa mirathi anapoleta Fomu Na. 5 na Na. 6, yaani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, msikubali kufunga jalada kwa maneno kama "warithi wamegawana vyumba". Muulizeni: nani anabaki na nyumba, anawalipa wenzake kiasi gani, na lini? Kama hakuna mwenye uwezo wa kununua, iandikwe hapohapo kwamba itauzwa, wakati ndugu bado wanasalimiana.

Mthamini anakuja Jumanne. Kaka amesema atafunga fremu aondoke na ufunguo, nami nimeshamwambia mthamini apime kwa nje.

Mmoja wa warithi wanane,
Magomeni, Dar es Salaam