Wingi wa wauaji usiwe kisingizio

Mhariri,

Tangu Mahakama ya Juu iamue mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo si ya lazima kwa kila muuaji, majaji hupima kosa la kila mmoja. Hilo naliunga mkono. Lakini huku kwetu Kilifi, ambako wazee huuawa kwa kusingiziwa uchawi, naumia mshtakiwa akiomba kupunguziwa kifungo eti “tulikuwa wengi”. Wingi huo ndio uliomnyima mzee pa kukimbilia! Sheria inatambua nia ya pamoja: aliyeshika panga na aliyeziba mlango huweza kubeba kosa moja. Nawasihi majaji wa Mahakama Kuu hapa Malindi wawasikilize kwanza mjane na wajukuu waliohama boma, ndipo wataje miaka.

Msomaji,
Malindi